Hakimu wa Nyaya Tatu

Mwanamke yule alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale chuoni lilikuwa limeshasahaulika. Walimwita Hakimu. Wa kwanza kumwita hivyo alikusudia kumsuta. Yeye akalipokea jina, akalivaa, likamkaa. Mtu akimwita kwa jina la kwenye kitambulisho alichelewa kuitika, akidhani anaitwa jirani.

Alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo cha ufundi, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, mlango unaokwama. Umri, hamsini na tisa. Ujanani alifanya kazi kwenye mtambo wa simu za mezani, katika chumba cha swichi zilizokuwa zikilia tiki tiki kutwa kucha, na huko ndiko alikookota imani yake: kifaa cha maana hujieleza, na kisichojieleza ni takataka. Mtambo ulipozimwa, wenzake walikwenda kufungua maduka. Yeye akaja chuoni, akakuta kompyuta ambazo kiwanda kilichoziunda kilikuwa kimezitangaza marehemu. "Marehemu kwa amri ya nani?" aliuliza. Akatafuta mfumo endeshi huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha, akaufumua, akaushona upya, akauingiza kwenye mashine zile. Zikafufuka. Tangu siku hiyo kazi yake ya moyo ikawa kuuhamisha mfumo ule kutoka kompyuta ya aina hii kwenda ya aina ile, miaka kumi na minane, bila kuombwa wala kushukuriwa.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: kazi aliijua. Mjinga akiwa na kiburi watu humcheka wakaenda zao. Lakini anayejua kazi akiwa na kiburi, ole wenu, maana siku akikosea hakuna wa kumwambia.

Sasa, kompyuta siku hizi zimekuwa ndogo. Kuna hizi za bodi moja, kila kitu juu ya kibao kinachoenea kiganjani: chipu, kumbukumbu, matundu ya waya, basi. Viwanda vinazitema kila mwezi, na kila boksi limeandikwa kwamba hii ya leo inaizidi ya jana. Hakimu na wenzake, watu sita saba waliokutana maabara kila Jumamosi asubuhi na kuupenda mfumo huria kuliko baadhi yao walivyowapenda wake zao, walikuwa na kazi ya kuchagua: bodi ipi ihamishiwe mfumo, ipi iachwe. Huwezi kuhamia kila mahali. Bodi moja inaweza kukulia mwaka mzima, na ukichagua vibaya, mwaka ndio huo umekwenda na maji.

Katika kuchagua kulikuwa na utaratibu wa nyaya tatu, na utaratibu huo ulikuwa wa Hakimu peke yake. Mwenye bodi anaiweka mezani. Hakimu hagusi boksi, haulizi bei, haulizi kasi ya chipu. Anachukua nyaya tatu, mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia, mmoja wa ardhi, anazichomeka kwenye pini za bodi. Upande wa pili unaingia kwenye adapta, na adapta kwenye kompyuta yake. Anawasha. Anakunja mikono. Bodi yenye adabu, hata kabla hujaitia programu yoyote, hutoa mstari mmoja au miwili kwenye skrini: mimi ni fulani, nimeamka, nasubiri. Isiyosema neno, Hakimu aliichomoa, akaiandikia hukumu, imekwisha. "Kama hainisemeshi ikiwa na njaa, itanisemesha ikishiba?" alikuwa akiuliza. Watu walikubali kwa vichwa kana kwamba wamesikia aya.

Mwaka ule uchaguzi ulikuwa na uzito wake. Mashine arobaini za maabara zilikuwa zinakufa moja moja, safari hii kufa kwa kweli, na Mkuu wa Chuo alikuwa amekubali jambo ambalo wakuu hawalikubali kirahisi. Kikundi kichague bodi moja. Chuo kiagize arobaini. Na atakayeihamishia mfumo na kuwa mlezi wake ndiye atakayeishika maabara Hakimu akistaafu mwezi wa sita. Mlezi ni mwenye dhamana. Bodi ikiugua ni wewe, ikipona ni wewe, na jina lako linaandikwa ndani ya mfumo ili kila anayeiwasha alione.

Aliyeitaka nafasi ile kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake Hakimu. Walimwita Sindano, kwa sababu ya ncha aliyoitumia kulehemu, nyembamba mpaka wenzake walidhani imevunjika. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amevumilia miaka miwili ya kukuta vibao vya kompyuta hadi kwenye kapu la nguo, na mwisho alimwambia bila kuficha: "Mwanangu, mpaka uchaguzi wenu huo. Ukiipata kazi ya shangazi yako, mimi nanyamaza. Usipoipata, mjomba wako ana nafasi kwenye duka lake la simu. Utabadilisha vioo kama wenzako."

Kubadilisha vioo! Msichana anayesoma mchoro wa chipu huku anakunywa chai, apewe kibandiko na kioo cha simu iliyoanguka chooni. Sindano alijifungia miezi minne na bodi moja, hataki mgeni, hataki harusi ya mtu.

Hakimu aliyajua haya yote. Tuelewane hapo, asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua, na alitaka iwe hivyo. Kimoyomoyo alishamkabidhi Sindano funguo za maabara zamani. Lakini Hakimu alijiona mtu wa haki, na watu wa namna hiyo wana ugonjwa wao. Wakimpenda mtu humwonea, ili walimwengu waone kwamba hawapendelei.

Jumamosi ya uchaguzi walifika wote. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu ambaye sauti yake ilikuwa inaomba radhi hata akisema "habari za asubuhi", alifungua kikao kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Wa kwanza kuweka bodi mezani alikuwa yule waliyemwita Mtaalamu, bwana mmoja wa ofisi ya ushauri aliyening'iniza kitambulisho shingoni hata siku za mapumziko, tusije tukamsahau.

"Hii hapa," alisema. "Chipu ya viini vinane. Kumbukumbu gigabaiti kumi na sita. Ina hadi sehemu ya akili bandia."

"Basi itakuwa na akili kuliko aliyeileta," alisema Hakimu. "Kitabu cha chipu kiko wapi?"

"Kitabu?"

"Kitabu, bwana. Maneno. Yanayosema kipi kiko wapi na kinafanya nini."

"Aa, hicho wanawapa wateja wakubwa tu. Unasaini mkataba wa siri."

"Ahaa! Umeniletea jumba la milango minane, funguo anazo mwenye nyumba, na mimi mtu mzima nipitie dirishani."

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, angefanya nini. Nyaya tatu zikachomekwa kutimiza wajibu tu. Bodi ikatoa majigambo mistari ishirini, jina la kiwanda limezungushiwa nyota, kisha ikatangaza kwamba haitapokea programu yoyote isiyo na sahihi ya kiwanda hicho. Hakimu aliyasoma yale kwa sauti, neno kwa neno, akaichomoa kwa vidole viwili na kumrudishia mwenyewe. Na hapo, tuseme ukweli, alikuwa sahihi kabisa. Ndiyo taabu ya mtu huyu.

Akaja Sindano. Bodi yake haikuwa na boksi. Aliifunga ndani ya soksi safi ya pamba, akaitoa taratibu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hapa mimi si shangazi."

"Sawa. Hii kitabu chake kiko wazi, kurasa elfu moja mia tisa, nimekisoma chote. Kiwanda kimeahidi kuendelea kuitengeneza miaka kumi. Ila kuna jambo moja kuhusu kasi yake ya kusema, inabidi..."

"Bodi itajieleza yenyewe," alisema Hakimu, na nyaya zilikuwa tayari mkononi.

Akachomeka. Akawasha. Kwenye skrini zikadondoka alama nne za ajabu ajabu, mabano na vijiti visivyo na maana, kisha kimya. Akazima, akawasha tena. Alama tatu safari hii. Kimya.

"Kasi, shangazi," alisema Sindano. "Ukiibadilisha kasi..."

"Kasi ni laki moja, kumi na tano elfu na mia mbili. Ilikuwa hivyo kabla hujaota meno. Bodi zote duniani zinajua, isipokuwa yako?"

"Lakini kitabu kinasema..."

"Mwenyekiti, huyu ana zamu ngapi za kuongea?" Hakimu hakumtazama msichana, alikuwa anawatazama wengine, na wengine walikuwa wanamtazama yeye, na hapo ndipo mdomo unapomponza mtu. "Miezi minne! Miezi minne mtu amejifungia ndani, ametutolea kibao kinachotema mate. Mimi sina bodi ya binamu wala bodi ya shemeji. Ukitaka kubembelezwa nenda kwa mama yako. Na labda baba yako ameona mbali, labda hivyo vioo vya simu ndivyo vinavyokufaa. Kioo hakiulizwi maswali."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa anasoma kamba za viatu vyake. Ukiwatoa hao wawili, palikuwa na watu sita mle ndani, wote wasomi, wote wanajua kwamba kasi ya kusema ya bodi ni namba tu, hubadilishwa kwa sekunde mbili, mradi adapta iiweze; na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema, "Bi Hakimu, hebu jaribu." Waoga wakubwa. Sindano aliikunja soksi, akaitia mfukoni, akaiacha bodi pale mezani, akatoka. Jumatatu yake alikuwa nyuma ya kaunta ya mjomba.

Bodi iliyochaguliwa, mnaijua tayari: aliyoileta Hakimu mwenyewe. Ya zamani, nzito, kitabu chake kurasa elfu tatu na mia mbili, kila waya umeelezwa mpaka unapokwenda kulala. Ilipochomekwa ilisema, "Nasubiri," kwa herufi safi, na Hakimu akatabasamu kama mama wa bwana harusi. Wakapiga kura. Mikono yote juu. Ungeukuta wapi mkono wa kubaki chini?

Wiki ya tano baada ya kura Mwenyekiti alikuja maabara ameshika karatasi, amesimama mlangoni nusu ndani nusu nje.

"Bi Hakimu, samahani. Sita."

"Sita nini?"

"Bodi zilizobaki. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza tangu mwaka juzi. Wameulizwa wauzaji wote. Zipo sita, na mbili kati ya hizo zimetumika."

"Na wewe hukuuliza kabla ya kupiga kura?"

"Nilitaka kuuliza," alisema Mwenyekiti. "Ulisema hapa hatuulizi bei wala ghala, tunauliza kitabu." Alivuta pumzi, maana lililobaki lilikuwa baya zaidi. "Mkuu anataka jina la bodi nyingine Ijumaa hii. Asipolipata, ataagiza zile za Mtaalamu."

Hakimu alimfukuza kwa kope. Alipobaki peke yake alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona hofu. Miaka kumi na minane ya kazi yake, mashine alizozifufua kwa mikono, halafu maabara ijazwe vibao vilivyotiwa kufuli, visivyopokea hata mstari mmoja wa mfumo wake. Na wa kumwachia hayupo. Yuko mtaa wa tatu, anabandika vioo.

Lakini mnadhani alinyanyuka akaenda kumwomba radhi? Thubutu! Alitafuta kwanza njia ya kuwa sahihi. Mwenyekiti alikuwa amependekeza kwa sauti yake ile kwamba pengine iangaliwe tena bodi ya Sindano, kwa hiyo Hakimu akaamua kumwandikia Mkuu maelezo ya kitaalamu, kurasa mbili, kuonyesha kwa nini bodi ile haifai. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitabu, akafungua kitabu cha bodi atafute pa kuichoma.

Alikianza saa nne asubuhi. Kufika saa tano na robo alikuwa ukurasa wa arobaini na mbili, kwenye jedwali dogo, safu ya tatu. Kasi ya kusema wakati wa kuamka: milioni moja na nusu.

Akasoma tena. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa blauzi, akasoma mara ya tatu. Jedwali halikubadilika kwa ajili ya umri wake. Adapta yake, mkongwe aliyekuwa naye tangu enzi za mtambo wa simu, haikuweza kusikia kasi hiyo hata ingebembelezwa. Bodi ilikuwa imesema siku ile. Ilisema upesi kuliko alivyokuwa na chombo cha kusikilizia, naye akaihukumu mbele za watu kwamba haisemi. Yeye, aliyewafukuza watu miaka yote kwa kosa la kutosoma kitabu, alikuwa hajakifungua kitabu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Alikwenda kwenye droo ya wanafunzi, akatoa adapta mpya, vile vidude vidogo vya bei ya chee alivyokuwa akiviita pipi. Akafungua kabati la chuma walikokuwa wanatupia bodi zilizokataliwa na kuachwa na wenyewe, kila moja ndani ya mfuko, na karatasi yenye jina na namba ya simu ya aliyeileta. Akaitoa ya Sindano. Nyaya tatu. Milioni moja na nusu. Akawasha.

Maandishi yakamiminika. Na hayakuwa mstari mmoja au miwili. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa bado imo ndani, na iliyoamka haikuwa bodi tupu, ilikuwa bodi pamoja na mfumo wao, mzima, umeshahamishwa. Saa inafanya kazi. Mtandao unafanya kazi. Skrini, sauti, vyote. Kazi ambayo kikundi kizima kingeichukua mwaka, msichana aliimaliza miezi minne na akaja nayo ndani ya soksi ili asionekane anajivuna. Mstari wa mwisho uliandikwa, kama ilivyo desturi ya mfumo wao, neno "Mlezi", nukta mbili, na mbele yake pakaachwa wazi. Sindano hakujiandika. Alikuwa hajakubaliwa bado.

Hakimu aliona aibu. Tusizunguke: ilimshika aibu mpaka masikio yakapata moto, peke yake, chumba kitupu, mchana kweupe. Akachukua mkoba wake akatoka bila kufunga mlango.

Duka la mjomba lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Sindano alikaa nyuma ya kaunta, taa kichwani, anang'oa kioo kilichopasuka juu ya kibamba cha moto, na mbele yake kulikuwa na foleni ya watu watatu. Hakimu akaipita foleni moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu asiyejua foleni ni nini.

"We mama," alisema kijana mmoja wa kwenye foleni, "hata sisi vioo vyetu vimepasuka."

Sindano aliinua macho. "Shikamoo, shangazi. Wako watatu mbele yako."

Akarudi nyuma, Hakimu mzima, akasimama kwenye foleni dakika arobaini ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ilipofika zamu yake alikuwa ameyapanga maneno mazuri, na yaliyotoka ni haya: "Hao waliotengeneza ile bodi yako ni wapumbavu. Milioni moja na nusu! Nani aliwatuma?"

"Kwa hiyo inasema," alisema Sindano.

"Inasema."

"Nilijua inasema, shangazi. Nilikwambia mara tatu." Hakupandisha sauti. Alikuwa anafuta gundi kwenye ukingo wa simu kwa pamba, taratibu, kazi safi, na usafi wa kazi ile ulimuumiza Hakimu kuliko matusi. "Ulichosema cha bodi kilinipita. Kile cha baba kuona mbali, wewe ulijua kitaingia wapi."

"Nilijua," alisema Hakimu. Maneno yalikuwa mazito kutoka. "Nilikosea. Nilikuonea, mwanangu, mbele ya watu, na ulikuwa sahihi."

Sindano aliendelea kufuta. "Mpelekee Mkuu jina la bodi Ijumaa. Hiyo nawapa, wanafunzi hawana kosa. Lakini kurudi kwangu ni habari nyingine." Akaiweka simu chini. "Lile kabati lina bodi ngapi?"

"Kumi na tisa. Na yako ishirini."

"Hizo kumi na tisa, vitabu vyake ulivisoma?"

Hakimu aliuhamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshakua tena, na watu walianza kuguna.

"Basi Jumamosi nakuja tuzijaribu, kwa vitabu vyake," alisema Sindano. "Zitakazosema, utawapigia simu walioleta. Wewe mwenyewe, kwa mdomo ule ule, utawaambia bodi yao ilikuwa nzima. Ukimaliza wa mwisho, mimi ninaandika jina langu pale pa mlezi. Usipomaliza, nina vioo vyangu hapa."

"Watu wengine ni wa miaka kumi nyuma!"

"Namba zao umeziandika kwenye karatasi. Unaandika vizuri." Akamtazama aliyefuata. "Karibu kaka, imeanguka wapi?"

Ijumaa Mkuu alipata jina lake. Jumamosi kikundi kilikusanyika, na ilikuwa asubuhi ya ajabu, kwa sababu Hakimu hakusema kitu. Sindano alichomeka, Mwenyekiti alisoma vitabu kwa sauti, mara hii sauti yake ikasikika. Nyingi zilikuwa mbovu kweli, ziliungua, au zilitiwa kufuli, na kila moja ya namna hiyo Hakimu alishusha pumzi. Lakini ya nne ilisema. Ilitaka ile kasi kubwa. Ya saba ilisema. Ilitaka kibonyezo chake kishikiliwe wakati wa kuwasha, na maelezo yalikuwa ukurasa wa pili, wa pili, jamani, baada tu ya jalada. Mpaka saa sita kasorobo, kati ya kumi na tisa zilikuwa zimesema saba. Mtaalamu aliyekuja kwa ajili ya kufurahia aliacha kufurahia zilizosema zilipofika tano.

Sindano alizipanga saba zile mezani, kila moja na karatasi yake, akamsogezea shangazi yake simu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Mwenye bodi alikuwa karani wa posta. Hakimu alimkumbuka kidogo tu, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mno, alikuja Jumamosi moja hakuonekana tena. Akabonyeza namba. Sindano akanyoosha mkono akaweka sauti ya nje.

"Halo?"

"Halo. Mimi ni... mimi fundi wa maabara, wa chuo cha ufundi. Uliwahi kutuletea bodi."

Nyuma ya sauti ya yule bwana kulikuwa na kelele nyingi zisizotulia. "Aisee! Yule mama hakimu? Nakukumbuka sana! Ulinishauri nikafuge kuku. Ulisema kuku hawana waya, hawatanisumbua."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo, mama, watu wakacheka sana. Ninao mia nne sasa." Alicheka kwa furaha ya kweli, na hilo lilikuwa baya kuliko angetukana. "Haya, niambie."

Hakimu aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Nimekupigia kukuambia kwamba bodi yako ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu. Tumeiwasha leo, imesema. Tunakutana kila Jumamosi, kama ungependa kurudi."

"Jumamosi napeleka mayai, mama. Na mambo hayo niliyaacha, siku nyingi. Nilidhani sina kichwa chake." Kuku walilia, mlango wa bati ukagonga mahali. Halafu yule bwana akauliza, kwa sauti iliyoshuka, ambayo haikuwa ya kucheka tena, "Ilisema nini?"

Hakimu aliisogeza skrini karibu na macho. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. "Imesema, 'Nimeamka. Nasubiri.'"

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Haya. Ahsante kwa kunijulisha, mama." Simu ikakatika.

Hakimu aliilaza simu mezani, akafuta macho kwa kiganja bila kujificha, akamtazama binti wa kaka yake kwa macho ya mtu anayeomba apunguziwe. Sindano alikuwa ameshaisogeza karatasi ya pili.

"Bado sita, shangazi," alisema.